Ukurasa Ulioachwa Wazi

Kila siku ya shule, kengele ya mwisho ilipolia, Mageni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara ya lami, akapita nyuma ya stendi ya bajaji, akaingia katika duka la mama yake. Lilikuwa duka dogo la steshenari mjini Kahama, lenye kompyuta moja, printa mbili na benchi la wateja. Hapo alikula wali na maharage aliyofunikiwa kwa sahani, kisha akaanza kazi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na hakuna aliyemshinda kukata picha za pasipoti. Alizikata zikawa sawa pande zote nne bila kutumia rula.

Wateja walimwamini Mama Mageni. Walimletea vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, hati za viwanja na makaratasi ya mahakama. Alichapa, akatoa kopi, akawarudishia bila kuuliza habari zao. Mageni aliyaona hayo kila siku, lakini hakuwahi kuyatafakari.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, wakati mvua zimekolea, aliingia mwanamume mwembamba mwenye buti zilizojaa tope jekundu. Jina lake Kalisti. Aliamkiana na Mama Mageni, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa na picha na ujumbe kwenye simu, naye alitaka vichapwe kwenye karatasi. Mama Mageni akamfungulia ukurasa wa WhatsApp kwenye kompyuta. Kalisti akaielekeza simu yake kwenye skrini, na mara ujumbe wote wa simu ukaonekana pale. Printa ikaanza kunguruma.

Muda wote huo Kalisti hakukaa. Alisimama akitazama mlangoni, na kila pikipiki ilipopita aligeuka. Kurasa tisa zilikuwa zimetoka pale umeme ulipokatika. Kompyuta ikazimika, duka likawa kimya. Kalisti alisubiri kidogo, kisha akasema hizo tisa zilimtosha. Akazikunja, akaziweka ndani ya shati, akalipa na kuondoka. Alidhani kwamba kompyuta ilipozimika, ukurasa wake nao ulikuwa umefungwa.

Umeme ulirudi baada ya nusu saa. Mama Mageni alikuwa amekwenda kununua wino wa printa, na kabla ya kuondoka alimwagiza Mageni awashe mashine amalizie picha za mteja mmoja. Mageni akawasha. Kompyuta ilipofunguka ilimuuliza kama alitaka kurudishiwa kurasa zilizokuwa wazi. Akabonyeza ndiyo, na ujumbe wa Kalisti ukajaa kwenye skrini.

Angeweza kuufunga papo hapo. Lakini jicho lake liliangukia neno moja, nalo lilikuwa jina la kijiji: Mwabagole. Bibi yake, Mbuke, aliishi Mwabagole. Mageni akavuta kiti, akasoma.

Alielewa kwamba Kalisti alifanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu karibu na kijiji hicho. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya bwawa la mtambo, maji yenye sumu inayotumika kutenga dhahabu na mchanga. Turubai la plastiki lililotandikwa chini ya bwawa lilikuwa limechanika, na maji yalikuwa yakivuja kuelekea kijito wanachochota wanakijiji na kunyweshea ng'ombe. Kalisti aliandika vipimo vya kweli kwenye daftari, lakini msimamizi wake alimlazimisha kuandika vingine vya uongo. Alikataa. Badala yake alipiga picha za bwawa na za daftari, akamtumia mwanamke aitwaye Zamoyoni, mwandishi wa kujitegemea anayechapisha habari zake mwenyewe mtandaoni. Ujumbe wa mwisho wa Zamoyoni ulisema: "Vumilia wiki moja tu. Wapimaji wa maji wakishafika ndipo nitatoa habari. Kwa sasa asijue mtu."

Mwezi uliopita bibi alikuwa amesimulia kwamba jirani yake alipoteza ng'ombe watatu kwa siku moja. Tena bibi alichota maji kwenye kijito kile kile. Wiki moja ilikuwa mbali mno.

Akachukua simu ya mama yake juu ya meza, akaipiga picha ile skrini. Aliona jina la Zamoyoni juu kabisa, akalikata kama alivyozoea kukata picha za pasipoti. Alijiona mwerevu. Kisha akamtumia picha hiyo binamu yake Wiliam, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeishi na bibi, akamwandikia kwamba bibi asinywe tena maji ya kijito na kwamba asimwambie mtu. Baada ya hapo akaifuta ile picha kwenye simu ili mama asiione. Ukurasa wa kompyuta akaufunga kwa kubonyeza alama ya msalaba, akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi asubuhi Wiliam alipiga simu ya mama, Mageni akaipokea. Alikuwa na furaha, akazungumza haraka haraka. Alisema hakuweza kukaa na jambo kubwa namna ile peke yake, kwa hiyo aliiweka picha kwenye kundi la vijana wa kijiji, lenye watu zaidi ya mia mbili. Sasa hakuna aliyenyweshea ng'ombe kijitoni. Moyo wa Mageni ulijaa fahari. Lakini Wiliam aliendelea.

"Halafu watu wanauliza, yule baba wa kwenye kona ya picha ni nani? Yule mwenye watoto wawili."

Mageni hakuelewa. Alimwomba Wiliam amrudishie picha, akaikuza kwa vidole viwili. Chini kabisa, upande wa kushoto, palikuwa na duara dogo lisilozidi punje ya hindi. Ndani yake alionekana Kalisti akiwa amewapakata mabinti wawili mapacha waliovaa magauni meupe. Ilikuwa picha yake mwenyewe ya WhatsApp. Mageni aliikata sehemu ya juu, sehemu ya chini hakuitazama.

"Ifute," alimwambia Wiliam. "Ifute sasa hivi."

Wiliam akafuta ya kwake, lakini akasema wengine walikuwa wameshaituma kwingine, hata wafanyakazi wa mtambo walikuwa nayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Siku hiyo na Jumapili yote Mageni hakuweza kula vizuri. Kanisani alikaa akitazama mabinti wadogo waliovaa magauni meupe.

Jumatatu saa kumi na nusu, gari jeupe lilisimama mbele ya duka. Wakashuka wanaume wawili. Mmoja alibaki mlangoni. Mwingine aliingia, akaketi kwenye benchi na kujitambulisha kwa upole kuwa anaitwa Januari, msimamizi wa mtambo fulani upande wa Mwabagole. Aliomba kopi mbili za kitambulisho chake, akazilipia. Kisha akatoa simu na kumwonyesha Mama Mageni picha.

"Mama, hii kompyuta si ni yako?"

Kwenye ukingo wa chini wa picha ilionekana fremu ya skrini, na kwenye fremu hiyo kulikuwa na kibandiko chenye jina la duka na namba ya simu. Mageni, aliyekuwa amekaa nyuma ya printa, aliacha kukata picha. Kibandiko hicho alikuwa amekibandika mwenyewe. Alikuwa amekizoea mno hata macho yake hayakukiona tena.

Mama Mageni aliitazama picha kwa muda mrefu. Alijibu kwamba kompyuta ni yake, ila wateja ni wengi naye hasemi habari zao kwa watu. Januari akaomba aikague mashine kidogo tu. Mama akakataa, akasema ndani yake mna mambo ya watu wengi.

Januari hakukasirika. Alitabasamu, akainuka, akamtazama Mageni.

"Huyu binti yako nimemwona leo akivuka lami, yuko peke yake. Magari ya siku hizi yana mwendo mbaya. Tutakuja tena kesho, Mama, ukiwa umetafakari."

Gari lilipoondoka Mama Mageni alifunga mlango nusu. Uso wake ulikuwa umepauka. Alimuuliza Mageni kama alijua lolote juu ya picha ile.

"Sijui," Mageni alisema.

Mama akamwamini. Alikusanya vitu vyake, akafunga duka mapema, wakatembea kwenda nyumbani Nyihogo huku amemshika mkono kwa nguvu, jambo ambalo hakulifanya tangu Mageni alipokuwa chekechea. Kila gari jeupe lilipopita, wote wawili walisogea pembeni. Mageni alitaka kulia. Mama yake aliogopa kitu asichokijua, na yeye aliyekijua alikuwa kimya.

Walipofika, mama alianza kuosha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya chakula cha jioni. Jua lilikuwa bado halijazama. Mageni alisimama kwenye kizingiti cha jiko. Aliwaza kwamba kesho wale watu wangerudi, wangevunja kufuli, wangeiwasha kompyuta na kukuta kila kitu. Aliwaza kipigo. Aliwaza pia wale mapacha, na hapo hofu ya kipigo ikawa ndogo kuliko ile nyingine.

"Mama, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ile picha nimeipiga mimi, kwa simu yako. Nikamtumia Wiliam kwa sababu ya bibi. Nilipokuambia sijui, nilidanganya. Na nadhani ujumbe wa yule baba bado unafunguka kwenye kompyuta."

Mama Mageni aliacha kuosha. Maji yalichuruzika kutoka mikononi mwake hadi sakafuni. Mageni alisubiri kofi. Badala yake mama alijifuta mikono kwenye kanga.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kabla hakujawa giza."

Walipanda bajaji. Dukani mama aliwasha kompyuta, akaufungua ule ukurasa, na kweli ujumbe wa Kalisti ukatokea wote, kana kwamba yuko palepale. Kulikuwa na ujumbe mpya wa Zamoyoni, aliouandika mchana: "Kalisti, picha imevuja. Usiandike chochote hapa. Nipigie."

Mama alinyoosha mkono achukue simu yake, kisha akasita. Namba yake ilikuwa kwenye kibandiko, na Januari alikuwa nayo. Akainakili namba ya Zamoyoni kwenye kipande cha karatasi, akavuka kwenda kwa jirani yake Mwanaidi, muuza vitenge, akaazima simu. Mageni alisimama karibu naye, akasikia kila kitu.

Zamoyoni hakugomba. Aliuliza maswali mafupi: nani aliipiga picha, lini, nani wengine wamekuja dukani, walisema nini. Aliposikia kila kitu, akamwomba Mama Mageni ampe binti simu.

"Mmeniambia kweli tupu, mwanangu? Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna. Shikamoo," Mageni alijibu, kwa kuwa alikuwa amesahau kuamkia.

"Marahaba. Basi nisikilize. Kalisti alisikia tu kwamba picha imevuja; yenyewe hakuiona, wala hakujua ilitoka wapi. Alidhani amesalitiwa na Maige, mwenzake anayelala naye chumba kimoja huko mtamboni, hata wakagombana. Msimamizi amemwita kesho asubuhi kule bwawani, eti wayamalize wawili. Naye alikuwa amekubali kwenda, kwa kuwa hakujua wameshapata ushahidi kiasi gani. Sasa nitamwambia, na hatakwenda."

Mageni akaketi juu ya robota la vitenge.

Zamoyoni aliwaeleza la kufanya, hatua kwa hatua. Kwanza warudi kwenye kompyuta, na ule ukurasa wasiufunge tu kwa alama ya msalaba, ila waende kwenye orodha ya vitendo na kubonyeza neno la kutoka, hadi mashine idai tena kuunganishwa na simu. Yeye angemwelekeza Kalisti kufungua kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuviondoa vyote. Pili, waandike kwenye karatasi maneno ya Januari kama alivyoyatamka, pamoja na saa na namba za gari. Namba za gari mama hakuziona, lakini Mageni alizikumbuka, akazitaja. Tatu, kompyuta isilale dukani, na wao wasilale nyumbani.

Wakafanya hivyo. Mwanaidi aliwakaribisha kwake bila kuuliza mengi. Mageni alilala katikati ya mama yake na binti wa Mwanaidi, na ilikuwa vigumu kupata usingizi. Kila mbwa alipobweka alishika kanga ya mama.

Asubuhi walikuta kufuli la duka limevunjwa. Karatasi zilikuwa zimetapakaa sakafuni na droo zote zimefunguliwa. Juu ya meza, pale ilipokaa kompyuta, palikuwa na alama ya mraba isiyo na vumbi. Hadi leo haijulikani nani alivunja. Mama Mageni aliyatazama makaratasi yale, akamwambia Mageni kwamba kama kompyuta ingekuwepo na ukurasa ungekuwa wazi, watu wangesoma majina ya wote. Walikwenda kutoa taarifa polisi pamoja na mwanasheria aliyeletwa na Zamoyoni, wakakabidhi ile karatasi yenye maneno ya Januari na namba za gari.

Kalisti, mke wake na mapacha walikuwa wameondoka alfajiri. Mama Mageni hakuambiwa walikokwenda, wala hakuuliza. Maige naye alipigiwa simu na Kalisti, akaombwa radhi.

Wapimaji wa maji hawakusubiri wiki iishe. Zile kurasa tisa, pamoja na nakala ambazo Zamoyoni alikuwa amezihifadhi sehemu tatu tofauti, ziliwafikia siku ya Jumatano. Wakachukua maji ya bwawa na ya kijito, na majibu yakawa yale yale ya daftari la Kalisti. Mtambo ukafungwa hadi bwawa litengenezwe upya. Januari aliitwa kuhojiwa, na kesi yake ikaanza. Lori la maji safi likawa linafika Mwabagole kila siku ya pili, hadi kisima kilipochimbwa. Zamoyoni alitoa habari yake, na ndani yake hamkuwa na jina la Kalisti, wala la duka, wala sura ya mtu yeyote.

Bibi Mbuke alipopata habari zote alimpigia Mageni simu.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, "mbona hukunipigia mimi? Ungeniambia kwa mdomo tu, Bibi usinywe maji hayo, ningeyamwaga siku hiyo hiyo."

Ilikuwa njia rahisi kabisa, naye Mageni hakuifikiria.

Baada ya mwezi, Zamoyoni alifika dukani. Mageni alikuwa amemtarajia mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, lakini aliyeingia alikuwa mfupi, mwenye miwani minene na begi la mgongoni. Aliketi kwenye benchi, akakubali soda. Mageni alimwomba msamaha huku akitazama sakafu. Zamoyoni akamwambia ainue uso.

"Umefanya makosa mawili na jambo moja jema," alisema. "Ulisoma kisichokuhusu, kisha ukakirusha mahali usipoweza kukirudisha. Nia yako ilikuwa nzuri, lakini nia nzuri haikuona ile picha ya kwenye kona. Anayesema kweli juu ya watu wenye nguvu amejiweka hatarini kwa ajili yetu sote. Kazi yetu ni kumficha yeye, wala si kuficha kweli yenyewe. Kabla hujatuma kitu cha mtu, kitazame kona zote, halafu jiulize nani ataumia. Na ukiwa na shaka, muulize mtu mzima unayemwamini."

"Na jambo jema?" Mama Mageni aliuliza.

"Alisema mapema. Angesema siku moja baadaye, tungekuwa tunaongea mengine. Kukosea kila mtu hukosea. Ila kosa likifichwa, hatari inazidi kukua, na hulipwa na mtu mwingine."

Mama Mageni aliitikia kwa kichwa. Alisema yeye pia alikuwa na kosa lake, kwani alimfungulia mteja ukurasa na hakuhakikisha umefungwa. Tangu siku ile, kila mteja anayeunganisha simu yake hapo, mama au Mageni humwonyesha kwa kidole mahali pa kutokea, na hawamruhusu aondoke kabla hajaiona skrini ikiwa tupu.

Zamoyoni alipokuwa akivaa begi lake, Mageni alipata ujasiri wa kuuliza kama Kalisti bado alikuwa na hasira naye.

"Alikuwa nayo," Zamoyoni alijibu. "Amepoteza kazi na nyumba, lazima awe nayo. Lakini ameniambia nikuambie kwamba mapacha wameanza shule mpya, na wanaipenda."

Mageni alifurahi sana. Alitaka kuuliza shule hiyo iko wapi, mdomo ukafunguka kabisa. Kisha akaufunga, akachukua mkasi, akaendelea kukata picha.